Mikwaruzo ya Upande wa Kushoto

Mkwaruzo wa kwanza niliuona Jumamosi asubuhi, nikiosha gari uani. Ulikuwa kwenye mlango wa kushoto, urefu wa kidole, mwembamba kama umechorwa kwa msumari. Nilipitisha kidole juu yake, nikachuchumaa, nikauangalia tena. Halafu nikageuka kuwatazama watu wawili ninaoishi nao: binti yangu, aliyekuwa anaanika nguo, na sentineli wetu, mzee mmoja kutoka vilima vya Masisi ambaye analinda lango letu tangu mume wangu alipofariki. Niliweka moyoni.

Inafaa nieleze mimi ni dereva wa namna gani. Kazi yangu ni kushughulikia karatasi za wafanyabiashara forodhani, na wateja wangu wengi hupitisha mizigo mpakani Bunagana. Kwa hiyo nimeendesha barabara ile miaka mingi, jua na mvua, katikati ya malori, pikipiki na chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayoteremka kutoka vijijini yakiwa na mzigo unaowazidi watu wanaoyasukuma. Gari langu, kama mengi ya mjini kwetu, lina usukani upande wa kulia, ingawa sisi tunapita mkono wa kulia. Maana yake dereva anakaa karibu na mtaro, na anayekaa kushoto ndiye anayeona kwanza kinachokuja mbele.

Aliyenifundisha kuendesha alikuwa dereva wa zamani wa malori, mtu mkavu asiyecheka. Alikuwa na somo moja tu, ambalo alilirudia mpaka likaniingia kwenye mifupa: usimwamini mtu barabarani. Motari, yule mwenye pikipiki ya abiria, akiwa mbele yako, ujue atageuka bila kuangalia. Dereva wa lori akikupungia mkono upite, usipite mpaka umeona mwenyewe. Kuku akitoka mbio kwenye njia ya pembeni, jiulize nani anamfukuza. Lori likikwama mlimani, usisimame nyuma yake, kwa sababu mawe waliyoweka chini ya matairi yanateleza. Niliyashika yote. Sikuwahi kugonga hata mbuzi, na nilijivuna kwa hilo kuliko kwa diploma yangu. Wenzangu wa ofisini walikuwa wakisema kwamba mimi nikiendesha namshuku hata padri anayevuka barabara na msalaba mkononi.

Basi mtu wa namna hiyo akikuta mkwaruzo kwenye gari lake, hawezi kusema ni bahati mbaya.

Wiki mbili baadaye niliona wa pili, chini kidogo ya ule wa kwanza. Kisha wa tatu, juu ya tairi la mbele, pale bati linapojikunja. Yote ilikuwa upande wa kushoto. Kwanza niliwashuku wamotari wanaopaki kwenye kona yetu, maana siku moja niliwagombeza kwa kuziba njia. Nikaanza kupita karibu nao polepole, nikiangalia mikono yao. Kisha nikamshuku mzee. Labda anaegemeza jembe kwenye gari, labda anapitisha kuni hapo. Nilimuuliza, akavua kofia yake ya sufi na kusema, "Hapana, mama." Akabaki ameishika kofia kifuani, anaangalia chini. Nikajiambia: mtu asiye na kosa anaangalia chini kwa nini?

Binti yangu nilimfikia mwisho, na nilipomfikia sikumwacha tena.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anasoma chuo. Mwaka mzima alikuwa ananiomba nimfundishe kuendesha, nami naahirisha. Sasa nikaanza kukusanya mambo. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Mama, leo utarudi saa ngapi?" Zamani hakuwa anauliza. Na kulikuwa na jambo jingine: alikuwa ameacha kupanda gari langu. Nilikuwa nikimpeleka chuoni siku zote, njia moja na yangu, lakini sasa nikimwambia panda, anasema, "Wende tu mama, mi nitabeba moto." Pikipiki, katika vumbi lile, wakati gari la mama yake lipo! Nilijiuliza anakwepa nini. Niliona kwamba mtu anayemwibia mwenzake hapendi kukaa naye karibu.

Siku za Jumanne na Alhamisi gari hubaki nyumbani, kwa sababu ninaenda ofisini kwa miguu. Siku hizo zilitosha mtu kulichukua, kujifunza kwenye vichochoro, na kulirudisha kabla sijafika.

Ijumaa moja nilikuta mkwaruzo mrefu kuliko yote, kuanzia taa ya mbele mpaka katikati ya mlango, na ndani yake kulikuwa na rangi ya kijani. Sikuhitaji kufikiri. Lango letu ni la bati la kijani, na komeo lake limechomoza kwa nje upande mmoja. Gari lilikuwa limepitishwa langoni na mtu asiyejua kupima nafasi.

Nilimwita binti yangu uani. Nikamwita na mzee. Niliweka kidole kwenye rangi ile.

"Nani alitoa gari yangu?"

Wakaangaliana. Kule kuangaliana kwao kulinichoma.

"Mama, mi sijagusa gari yako ata siku moja," binti yangu alisema.

"Na rangi ya lango imepanda yenyewe juu ya gari?"

"Sijui. Lakini si mimi."

"Muzee, weye njo unafungua lango. Ulimufungulia?"

Mzee alivua kofia. "Sikumufungulia, mama. Ila..."

"Ila nini? Ila alikupa kitu unyamaze?"

Akafunga mdomo. Binti yangu akasema, kwa sauti ndogo, "Mama, muache aseme." Lakini mimi nilikuwa nimeshawaka. Nilisema mengi ambayo sitayaandika hapa. Nilimwita binti yangu mwongo mbele ya mzee, na mzee nikamwita mshiriki wa mwongo. Mwisho nikasema: "Kuanzia leo, mutu atakayefungua kinywa juu ya gari hii, atatafuta pa kulala na pa kufanya kazi."

Binti yangu hakulia. Aliingia ndani, akatoka na begi, akaenda mtaa wa Murara kwa shangazi yake, dada ya baba yake. Alipopita langoni, mzee alimfungulia polepole kuliko kawaida, kana kwamba alitaka kunipa muda wa kumrudisha. Sikumrudisha.

Nyumba ilikuwa kimya, lakini shaka yangu haikutulia. Nilitaka ushahidi, maana binti yangu angeweza kurudi mchana nisipokuwapo, na mzee akamfungulia. Jumanne, kabla ya kwenda kazini, nilichota jivu la jikoni na kulinyunyiza mbele na nyuma ya matairi yote manne, kidogo tu, mtu asione. Niliporudi nilikuta jivu lilivyo, na alama za miguu ya kuku juu yake. Alhamisi nikafanya vile vile, na tena hakuna aliyekuwa ameligusa. Nikajisemea, wameogopa, wameacha.

Jumatatu iliyofuata niliendesha mwenyewe kwenda forodhani na kurudi. Niliposhuka uani, nilizunguka gari kama ilivyokuwa desturi yangu siku hizo. Karibu na taa ya mbele ya kushoto kulikuwa na mkwaruzo mpya, na vumbi la kijani lilikuwa bado juu yake, halijapeperuka.

Nilisimama pale. Asubuhi haukuwapo, nilikuwa nimehakikisha. Na tangu asubuhi hakuna aliyeshika usukani isipokuwa mimi. Akili iliniambia neno moja, nami nikakataa kulisikia. Nikasema labda ni kule kwenye maegesho ya forodha, labda kuna lori la kijani. Nilitafuta hilo lori la kijani kichwani mwangu mpaka nikapata usingizi.

Nilichokuja kukubali nilikikubali Kibati, kwenye barabara hiyo hiyo ya Bunagana, siku ya Jumatano, mchana kweupe.

Nilikuwa natoka Bunagana na mteja wangu mmoja, mama anayeuza vitenge, mtu wa maneno mengi na roho safi. Alikaa kushoto. Tulikuwa tunateremka kuelekea mjini, mwendo wa kawaida, barabara ikiwa tupu kwa macho yangu. Mbele kulikuwa na njia ndogo inayoingia kutoka kushoto, katikati ya mashamba ya maharagwe. Niligeuza kichwa nikaiangalia, kama ninavyoangalia kila njia. Ilikuwa tupu. Nikaendelea.

"Freni!" mama yule alipiga kelele. "Freni, mama! Freni!"

Mguu wangu ulitii kabla sijaelewa. Gari liliteleza kwenye changarawe nyeusi, likasimama. Ndipo chukudu ikatokea mbele ya boneti yangu, kama imetoka ardhini, na magunia matatu ya makaa juu yake. Mwenyewe alikuwa ameshairuka. Chukudu ilianguka ubavu, gunia moja likapasuka, makaa yakamwagika mpaka chini ya gari langu.

Nilishuka. Kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye kandambili zilizokatika, alikuwa anajipapasa mikono na magoti. Hakuwa ameumia. Nilimwambia pole, mara tatu, mara nne. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama tu kwa mshangao.

"Mama, si uliniona?" akasema. "Uliniangalia ku macho kabisa. Nikasema, huyu ameniona, atanipisha."

"Nilikuangalia?"

"Uligeuza kichwa, ukaniangalia. Ile njo ilifanya nishuke."

Nilimgeukia mteja wangu. Alikuwa amesimama kando ya mlango, mkono kifuani. Nikamuuliza, "Alikuwa wapi?"

"Pale." Alionyesha njia ile ndogo, urefu wake wote. "Alikuwa anateremka tangu kule juu. Mi nilikuwa namuona muda wote. Mama, haukumuona?"

Tulikusanya makaa sisi watatu, kwa mikono. Nikamlipa lile gunia, naye akafunga mzigo wake na kwenda. Niliporudi kwenye gari, mteja wangu hakupanda. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa mfuko wake wa vitenge, akauweka kichwani.

"Usikasirike, mama yangu," akasema. "Mi niko na batoto bane. Acha nibebe moto."

Nilimwelewa, watoto wanne si mchezo. Akasimamisha pikipiki, akaondoka bila kugeuka.

Nilibaki nimekaa kwenye usukani, injini imezimwa. Magari yalinipita. Sijui kilichonituma, lakini niliinua kiganja nikafunika jicho la kulia, nikaangalia mbele kwa la kushoto peke yake. Nilipotazama nguzo ya umeme, niliiona. Lakini mkono wangu mwenyewe wa kushoto, nilioushika wazi pembeni, juu ya kiti cha abiria, haukuwapo. Mahali pake palikuwa na kitu kama ukungu wa asubuhi. Niliusogeza mkono polepole kuja mbele. Ulitokea ghafla, ukiwa karibu na pua yangu. Nikaurudisha, ukapotea tena.

Nilirudia mara kumi hivi. Nilitaka mkono ule unidanganye hata mara moja.

Halafu nikakumbuka kwamba miezi hiyo nilikuwa nageuza kichwa sana, nasogeza kiti mbele, nafoka kwamba watu wanatokea ghafla siku hizi. Watu hawakuwa wanatokea ghafla.

Sikuendesha tena siku ile. Nililisukuma gari, kwa msaada wa vijana wawili, mpaka kwenye uwanja wa mama mmoja anayeuza viazi, nikamwomba aliangalie. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu ujana: nilipanda nyuma ya pikipiki. Nilishika mabega ya motari, mtu wa kundi nililolishuku maisha yangu yote, na nilimtegemea mpaka mjini, maana macho yake yalikuwa mazima.

Kwenye zahanati ya macho walinipima siku mbili. Muuguzi aliniweka kidevu kwenye chuma, akawasha vitaa vidogo pembeni, akaniambia nibonyeze nikiviona. Nilidhani mashine imeharibika, kwa sababu kwa muda mrefu hakukuwa na kitaa. Nilimwambia hivyo. Alinijibu taratibu kwamba vitaa vilikuwa vinawaka.

Daktari alisema ni presha ya macho, glokoma. Jicho la kushoto limepoteza nusu ya nje, la kulia limeanza. Nikamuuliza, mtu anawezaje kupoteza nusu ya jicho bila kujua? Akasema ugonjwa huu hauumi, na hauonyeshi shimo jeusi. Pale pasipoona, ubongo unaziba kwa rangi ya kilicho karibu: barabara inajazwa barabara, ukuta unajazwa ukuta. "Kwa hiyo unaona kama hakuna kitu," akasema. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone, kila siku, italinda kilichobaki. Na kuendesha gari, hapana.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja Murara.

Binti yangu alikuwa anapepeta mchele mlangoni kwa shangazi yake. Aliponiona hakusimama. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikamweleza yote: jivu, Kibati, ukungu, vitaa. Alisikiliza akiendelea kupepeta, lakini mchele ulikuwa umeshakuwa safi zamani.

"Mi nilijua kitu hakiko sawa," akasema mwisho.

"Ulijua?"

"Siku ile kwenye rompwe, pale magari inazunguka, ukanipeleka chuo. Uliingia bila kuangalia lori la kushoto. Lilipiga klaksoni, ukalitukana. Mi nililiona tangu mbali. Nikaanza kuogopa. Njo maana nilianza kubeba moto."

"Na kuniuliza kila asubuhi nitarudi saa ngapi?"

"Ili nijue saa ya kuanza kuhangaika."

Alisema, "Ningekuambia nini, mama? Weye uko dereva asiyekosea. Siku nilitaka kuanza, njo siku uliniita mwongo."

"Nisamehe, mwanangu."

Aliweka ungo chini. "Uliniita mwongo mbele ya muzee. Nitarudi kama utasema hiyo maneno mbele yake."

Mtu mzima kuomba msamaha mbele ya sentineli wake si jambo dogo kwetu. Njiani nilitafuta namna ya kulipunguza, kusema nusu. Lakini tulipofika, binti yangu alisimama katikati ya uwanja, pale pale aliposimama siku ile, akangoja. Nikamwita mzee. Nikasema wazi kwamba gari lilikwaruzwa na mimi, kwa mikono yangu, kwamba mtoto huyu hakusema uongo, na yeye hakusema uongo, na kwamba niliwakosea wote wawili.

Mzee alivua kofia. Safari hii hakuangalia chini.

"Mama, mi nilikuona," akasema. "Siku zingine ukiingia, komeo linashika gari. Bati inalia, na weye uko na redio, na mawe ya njia inapiga kelele. Mara ya kwanza nilizani umesikia."

"Na ukanyamaza?"

"Kwetu ng'ombe akianza kugonga mulango wa zizi upande mumoja, hatumupigi. Tunaangalia jicho yake. Nilitaka kukuambia." Akaikunja kofia mkononi. "Lakini ulisema mutu atakayefungua kinywa atatafuta kazi. Na mi niko muzee. Nitaipata wapi?"

Hasira ilinipanda, kwa sekunde moja, ya kwamba aliniacha niende Bunagana na kurudi akijua. Kisha ikashuka, kwa sababu nilikumbuka ile "ila" yake, na nani aliyeikata.

Gari lililetwa kutoka Kibati na fundi. Binti yangu anajifunza kwa mwalimu wa chuo cha udereva. Nilikataa kumfundisha mwenyewe, na yeye hakunisihi. Mteja wangu wa vitenge amerudi, tunasafiri pamoja kwa gari la kukodi, na hatujalizungumza tena jambo lile. Mzee sasa ananiambia kila kitu, hata kile nisichokitaka: mama, uko na masizi ku shavu, mama, umevaa sweta kinyume.

Lakini daktari alikuwa amesema neno jingine ambalo sikumwambia mtu kwa wiki nzima: ugonjwa huu unapenda kutembea katika damu. Watoto wa mgonjwa wapimwe. Wiki ile nilimchunguza binti yangu kama nilivyolichunguza gari. Nilimwangalia akimwaga chai, akishuka ngazi, akipita mlangoni. Alipogonga kona ya meza kwa nyonga, nililala na picha hiyo. Mwisho alinishika.

"Mama, unaniangalia nini tena? Nimefanya nini?"

Safari hii nilimwambia siku ile ile. Akasema, "Basi tuende."

Tulikwenda Jumatatu. Muuguzi alikuwa yule yule. Alimwita binti yangu ndani, akafunga mlango wa chumba cha giza, nami nikabaki kwenye benchi la ukumbini. Ukuta ulikuwa mwembamba, na nilisikia kile kitufe anachobonyeza mtu akiona taa. Kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Kila kiliponyamaza nilisimama. Mgonjwa mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza kama niko na haraka.

Alipotoka, muuguzi alisema macho yake mazima, presha ni nzuri, arudi mwaka ujao na kila mwaka. Nilimuuliza kama mashine haikukosea. Nikamuuliza tena. Binti yangu alinishika kiwiko, upande wangu wa kushoto, akaniambia kuna ngazi tatu mbele, tukashuka.